Mtani Aliyenisaili

Mwaka 2021, wakati wa masika, nikiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, niliitwa kwenye usaili wa kazi ya usanifu wa mafunzo ya mtandaoni hapa Ifakara. Taasisi iliyoniita, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikitengeneza masomo ya kusomwa kwenye vishikwambi na wahudumu wa afya wa vijijini, kuanzia Mang'ula hadi ng'ambo ya Mlimba, kule Masagati na Uchindile ambako mvua ikikolea gari halipiti na mkufunzi hafiki. Kazi ya msanifu ni kuchukua kile anachokijua daktari na kukipanga skrini baada ya skrini, kwa picha, sauti na maswali ya kujipima, hadi mtu aliyeishia darasa la saba akielewe akiwa peke yake, bila mwalimu wa kumuuliza.

Kazi hiyo niliitaka, na sikuona haya kuitaka. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, mwaka 1983, huko Mahenge nilikozaliwa. Mume wangu alifariki tarehe 9 Novemba 2003. Januari 2005 nilirudi darasani, jioni, katika chumba chenye madawati ya watoto yaliyonibana magoti, na mwaka 2008 nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baadaye nilipata cheti cha ualimu, nikafundisha Mang'ula, na mwaka 2016 nikahitimu shahada niliyoisoma kwa masafa, kwa vijitabu na sauti za kurekodi. Sehemu kubwa ya elimu yangu niliipata bila mwalimu mbele yangu. Nilifahamu vizuri pale ambapo mtu huyo anayesoma peke yake hukwama, kwa sababu nilikuwa nimekwama papo hapo.

Usaili ulikuwa Jumatano, tarehe 21 Aprili. Meza ilikuwa ndefu, na upande wa pili walikaa watu wawili. Mmoja alikuwa afisa rasilimali watu, mwanamke kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye sauti ya upole na kalamu mbili. Wa pili, aliyekaa katikati kwenye kiti chenye mgongo mrefu, alikuwa meneja wa mafunzo, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenyeji wa Songea. Yeye ndiye aliyekuwa na usemi wa mwisho juu ya nani aajiriwe.

Nilijitambulisha. Nilipotaja Mahenge, uso wake ulichangamka.

"Mahenge? Basi wewe ni Mpogoro! Mtani wangu huyu!" Akamgeukia mwenzake. "Leo tumepata kazi. Wapogoro wameanza lini kusoma?"

"Tulianza mlipoacha kutuibia madaftari," nilimjibu, naye akapiga meza kwa furaha.

Wangoni na sisi Wapogoro ni watani, na anayeufahamu utani hahitaji kuelezwa zaidi: mnaweza kutupiana maneno ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa tusi, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo nilicheka. Nilipowasha somo langu la majaribio, lililohusu namna ya kumtambua mtoto aliyeishiwa maji mwilini, alilisimamisha kwenye skrini ya pili ili aige lafudhi yangu. Nilicheka. Aliniuliza kama nafahamu kwamba kompyuta haipepetwi kwenye ungo. Nilicheka tena, ingawa muda niliopewa ulikuwa ukiisha na somo halijaonekana. Kisha akaitazama fomu yangu, akaona palipoandikwa mjane.

"Mtani, hebu tuambie ukweli. Huyu mume ulimlisha nini? Tukikuajiri hapa, na sisi si utatumaliza mmoja mmoja?"

Afisa rasilimali watu alicheka, akiziba mdomo kwa mkono. Nami nilicheka. Nimevitafakari vicheko vingi maishani mwangu, na hicho ndicho pekee ambacho ningependa kukirudisha kilikotoka. Somo langu halikuchezwa hadi mwisho. Wiki iliyofuata niliarifiwa kwa simu kwamba sikufaulu, kwa kuwa sikuonekana kwenda na kasi ya teknolojia.

Sina budi kueleza kwa nini swali lile liliniumiza, mimi niliyezaliwa na kulelewa ndani ya utani. Mume wangu alipofariki, watani wa Kingoni waliokuwa wakiishi mtaani kwetu walifika msibani kabla ya baadhi ya ndugu. Ndio waliochimba kaburi. Mmoja wao alivaa kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake wa kuchechemea na namna alivyokuwa akidai chai, nami nikacheka katikati ya kilio, na kifua changu kikapata nafasi ya kupumua. Mwingine alishuka kaburini, akalala chali, akatangaza kwamba hatoki, kwa kuwa Mpogoro hastahili shimo zuri namna ile. Mpaka wakwe zangu walipomkomboa kwa jogoo ndipo alipokubali kutoka. Watu hao walikuwa na ruhusa ya kumtania maiti wangu kwa sababu walimbeba mabegani. Meneja yule hakumbeba mtu. Alikaa kwenye kiti, akiwa ameishika riziki yangu mkononi, akalichukua neno la msibani bila kuwahi kufika msibani.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Sikuitaka tena kazi peke yake. Nilitaka mtu yule asikae kamwe upande ule wa meza, mbele yangu au mbele ya mtu mwingine yeyote aombaye kazi.

Nililalamika kwa mkurugenzi, mzee mmoja mtaratibu, mtu wa Bukoba, aliyekuwa akisikiliza huku amefumba macho. Alituita sote watatu ofisini kwake tarehe 12 Mei 2021. Meneja hakukana neno hata moja.

"Mzee, nilisema. Lakini huyu ni mtani wangu. Muulize mwenyewe."

Mkurugenzi alifumbua macho. "Mama, ni kweli ninyi ni watani?"

"Ni kweli, Mzee."

"Sasa utani nao una kesi?"

"Hauna," nilisema, kwa sababu hauna.

Hapo meneja, badala ya kunyamaza na kushukuru, aliongeza maneno kwa bashasha. "Hata yeye, Mzee, aseme lolote juu yangu, siku yoyote, mbele ya yeyote. Nikinuna, basi mimi si Mngoni. Mama, umesikia? Ruhusa unayo."

"Nimesikia," nilisema. "Na Mzee amesikia. Na binti huyu amesikia."

Afisa rasilimali watu aliitikia kwa kichwa. Tuliagana kwa mkono. Meneja alitoka akiwa anaimba kidogo kidogo, na mimi nilitoka nimebeba ruhusa yake. Niliihifadhi mwaka mzima.

Wapo watakaosema kwamba mwaka mzima ni muda mrefu wa kumwekea mtu kinyongo. Mimi nilikuwa nimengoja miaka zaidi ya ishirini kuingia kidato cha kwanza. Mwaka mmoja haukunichosha. Nilifundisha Mang'ula, nikalima mpunga wangu, nikajifunza kuhariri sauti vizuri zaidi. Habari za mjini zilinifikia bila kuzitafuta. Kijana waliyemwajiri badala yangu alikuwa na mikono myepesi, masomo yake yalimetameta, lakini yalitaka mtandao kila skrini, na ng'ambo ya Mlimba mtandao ni wa kupandia kilima. Machi 2022 nilisikia habari ya pili, na hii mji mzima uliizungumza sokoni na kwenye foleni za mashine za kukoboa: mke wa meneja alikuwa amefungasha vitu vyake mchana kweupe, akakodi bajaji mbili hadi stendi, akarudi kwao. Sikuifurahia habari hiyo wala sikuihuzunikia. Niliiweka mahali pake.

Juni kijana alihamia Dar es Salaam na nafasi ikatangazwa upya. Niliomba. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke mwenye ulimi usiopumzika, alinikuta nikipiga pasi gauni.

"Wifi, unarudi kwa Mngoni yule yule?"

"Narudi."

"Akikutania tena?"

"Safari hii natania mimi."

Alichukua pasi mkononi mwangu. "Lete nikunyooshee kola. Ukaue ukiwa nadhifu."

Usaili wa pili ulikuwa Jumatano, tarehe 13 Julai 2022, kiangazi, asubuhi yenye ubaridi unaoshuka kutoka milima ya Udzungwa. Kwa sababu ya lile lalamiko langu, mkurugenzi alikuwa ameamua kuhudhuria mwenyewe, akakaa kando karibu na dirisha. Afisa rasilimali watu alikuwa akiunganisha projekta. Meneja alikuwa bado hajaingia. Nilisalimia, nikaizunguka meza kwa upande wa pili, nikakaa kwenye kiti chenye mgongo mrefu.

Afisa rasilimali watu aliacha waya mkononi. "Mama, samahani, kiti chako ni kile."

"Nafahamu, mwanangu. Hiki nimekiteka."

Mkurugenzi alifumbua macho yote mawili.

Meneja aliingia na kikombe cha chai, akasimama mlangoni. "Mtani! Umepotea njia?"

"Sikupotea. Kiti chako nimekiteka, na sitoki mpaka ukikomboe."

Mkurugenzi alicheka kwa sauti, kicheko ambacho sikumdhania. "Amekupata, Bwana. Hii ni halali kabisa. Kikomboe."

"Kwa jogoo?" aliuliza meneja, akiwa bado anacheka.

"Jogoo wa ofisi nitampeleka wapi? Kikomboe kwa maswali matatu. Kaa pale wanapokaa waombaji, ujibu."

Alikaa. Nitamtendea haki: maswali mawili ya kwanza aliyacheza kama mtani wa kweli. Nilimwuliza kabila lake. Akasema Mngoni. Nikasema hilo si kosa lake, wazazi hawachaguliwi, aendelee. Nikamwuliza swali la pili.

"Babu zako walikuja kwetu kwa miguu kuchukua mahindi. Wewe umekuja kwa gari la ofisi. Umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kumchukua Mpogoro mmoja anayejua kusoma, mtani, nimpeleke nyumbani akaonekane. Mwaka wa nne huu, bado namtafuta."

Tulicheka sote wanne, na hata mimi nilicheka kwa moyo. Kama angekuwa hivyo siku zote, nisingekuwa na ugomvi naye. Kisha nikaweka viganja vyangu juu ya meza.

"Swali la tatu. Mwaka jana, hapa hapa, uliniuliza nilimlisha nini mume wangu hata akafa, na kama nikiajiriwa nitawamaliza wengine. Nilicheka, kwa sababu wewe ni mtani. Sasa nakuuliza wewe. Mume wangu aliondoka kwangu kwa kuitwa na Mungu. Mkeo ameondoka kwako kwa bajaji, mzima wa afya, mchana. Ulimlisha nini? Na hawa unaowaongoza hapa, wakodi bajaji ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Meneja alisimama, na kikombe kikagonga meza, chai ikamwagika kwenye fomu za waombaji.

"Huna adabu! Umesikia? Mke wangu umemtoa wapi? Ondoka kwenye kiti changu! Ondoka sasa hivi kabla sijaita mlinzi!"

"Mtani, umenuna?"

"Mimi si mtani wako! Utani una mipaka yake!"

Aliyesema baada ya hapo hakuwa mkurugenzi. Alikuwa afisa rasilimali watu, kwa sauti ile ile ya upole, akiwa anakausha fomu kwa kitambaa bila kumtazama mtu.

"Bwana meneja, mwaka jana mipaka hiyo hatukuiona."

Niliondoka kwenye kiti, maana swali la tatu lilikuwa limekwisha jibiwa. Meneja hakukikalia. Alitoka nje, na mkurugenzi akaahirisha usaili kwa waombaji wote waliokuwa wakisubiri kwenye benchi.

Sasa niseme kwa usahihi nilichokifanya, kwa sababu mjini kilisimuliwa vibaya, kana kwamba mwanamke mzima alikwenda kumtukana mtu kwa ajili ya kujiliwaza. Mei 2021 meneja alikuwa amejikinga kwa utani, na kinga hiyo ilikuwa halali. Hata mimi niliikubali. Julai 2022 aliivunja kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mashahidi wale wale aliowaapia. Utani ukishakataliwa na mmoja wa watani, haupo tena kwa wote wawili. Maneno aliyoniambia kwenye usaili wangu yalibaki peke yake mezani, uchi, na yalikuwa tusi la msaili kwa mjane aliyeomba kazi. Niliandika lalamiko la pili siku hiyo hiyo mchana.

Alilitambua kosa lake haraka. Mwanzoni mwa Agosti alikuja nyumbani kwangu, yeye na mzee mmoja wa kwao anayeheshimika hapa Ifakara, mmoja wa wale walioshika jembe kwenye kaburi la mume wangu. Walikuja na jogoo. Niliwapokea, nikampa mzee kiti na shikamoo yake, nikawaletea maji.

"Mwanangu," alisema mzee, "huyu kijana wetu alipandwa na hasira. Tumekuja kumkomboa. Jogoo ndiye huyu. Wewe mtie maneno unavyotaka, tucheke, yaishe, turudi kuwa watani."

"Baba, wewe ni mtani wangu, na ukisema hivi sasa kwamba nyumba hii ni ya wachawi nitacheka. Lakini huyu alisema mbele ya mkuu wake kwamba yeye si mtani wangu. Nimemwamini."

"Ilikuwa hasira, Mama," alisema meneja, akiwa anaangalia miguu ya jogoo iliyofungwa kamba.

"Na yangu ni hasira pia. Tofauti ni kwamba yangu haikunipanda ghafla."

Mzee alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo bila kutaka. "Mpogoro akishika kitu."

"Aliyetufundisha kushika ni ninyi, Baba, maana tulipoachia mlichukua."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Meneja hakuruhusiwa kucheka, naye alilijua hilo. Alikaa kati yetu akisikiliza utani unapita juu ya kichwa chake, wa kwao, usiomhusu. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikirefusha kikao kile kwa makusudi, nikaongeza chai. Walipoondoka nilimkabidhi mzee jogoo wake kwa mikono miwili, na wifi yangu, aliyekuwa nyuma ya pazia muda wote, alilalamika hadi usiku kwamba kisasi changu kimemnyima mchuzi.

Leo mimi ni mmoja wa wanaosaili wasanifu wa mafunzo, katika taasisi nyingine iliyoniajiri baadaye. Huwa nalicheza somo la mwombaji kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kulisimamisha, liwe zuri au baya, kisha namwuliza nani atalisoma, akiwa wapi, na atafanya nini simu ikizimika katikati. Aliyemfikiria msomaji wake hutaja jina la mtu fulani, asiyemfikiria hataji. Kabila lake siliulizi, na msaili mwenzangu akilitaja namwomba alirudishe nyumbani kwake. Wengine hunisema kwamba sina ucheshi. Ninao, lakini siuleti mahali ambapo mtu mmoja anaruhusiwa kujibu na mwingine anaogopa.

Uamuzi juu ya lalamiko langu la pili ulitolewa Ijumaa, tarehe 26 Agosti 2022. Tulikuwa wanne katika ofisi ya mkurugenzi. Alisoma kwa sauti, taratibu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua: kwamba maneno ya meneja katika usaili wa Aprili 2021 yalikuwa ya kudhalilisha, kwamba utani haupokelewi kuwa utetezi, kwa kuwa yeye mwenyewe ameukana, kwamba matokeo ya usaili ule yamefutwa, kwamba kuanzia siku hiyo hatakaa katika jopo lolote la usaili katika taasisi ile, na kwamba nafasi itatangazwa upya, chini ya jopo jingine, ambako ninaweza kuomba kama mtu mwingine yeyote. Alimpa meneja nafasi ya kusema.

Meneja alisimama. Alikuwa amekonda. Shati lake halikuwa limepigwa pasi vizuri, na nililiona hilo, na halikunilegeza.

"Mama, nimekosa. Nisamehe."

Mkurugenzi alinitazama. Afisa rasilimali watu alinitazama. Wote walikuwa wakingoja neno ambalo wanawake wa umri wangu hulitoa haraka mahali kama pale, ili watu waweze kwenda kula.

"Mzee," nilimwambia mkurugenzi, "naomba unionyeshe mahali pa kusaini."

Alinionyesha. Nilisaini, nikaandika tarehe, nikamrudishia kalamu yake. Meneja alikuwa bado amesimama.